Mikate ya Kusukuma Nyumbani kwa Bi Mize

Kabati la chini la chumba cha mazoezi, lile lililo karibu na dirisha, halifunguki kwa nguvu. Unyanyueni mlango wake kidogo, kisha muuvute. Nimeanza na hilo kwa sababu siku mliyoniaga nilipostaafu nilisema mengi, nikashukuru hata watu wasiostahili, na habari ya kabati nikaisahau. Hata wiki haijesha simu ikaanza kulia. "Bi Zuwena, kabati limekataa." Nikaona bora nikae niandike, maana miaka yote niliyonyoosha viungo vya watu hapa Pemba haifai iishie kwenye mlango wa kabati. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kiliniongezea funguo tu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa majina ya misuli. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mchukuzi wa mizigo bandarini Wesha, bega lake limekaza. Alinitazama mikono, akatazama meza, akatazama tena mikono.

"Mafuta yako wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sisi hatuchui, tunafanya mazoezi.

"Mazoezi nnayafanya kila siku kwa magunia," akasema. "Ndiyo yaliyonileta huku." Akavaa kofia yake akaondoka. Alirudi wiki ya pili, bega limezidi, na safari hii hakuuliza mafuta. Nanyi mtaulizwa. Hapa kwetu mtu akiambiwa aende akanyooshwe viungo hutarajia mafuta ya karafuu na mkono mzito. Msikasirike. Kasirikeni akikosa kurudi.

Aliyenifunza kazi hii hasa ni Mzee Faki. Hamkumkuta. Aliajiriwa kama seremala wa hospitali, akatumwa chumba cha mazoezi atengeneze magongo, akasahauliwa huko mpaka akawa msaidizi. Vitu vyenu vya kabatini ni vyake: soksi zilizojazwa mchanga, mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa vipande, kapi ya kisima iliyopandishwa darini ili mkono mzima uvute mkono mgonjwa. Najua sasa mna mashine ya umeme yenye waya na taa. Ni nzuri. Umeme ukikatika, soksi zipo.

Mzee Faki alikuwa mchache wa maneno, na mengi katika hayo machache yalikuwa ya kuomba msasa. Lakini siku moja aliniona nikimhimiza mgonjwa anyanyue mkono, moja, mbili, tatu, mgonjwa ananyanyua huku anatazama saa. Alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, mkono haujui zoezi. Mkono unajua kazi. Muulize kazi yake ilikuwa nini." Nikamjibu ndiyo Mzee, na nikaendelea kuhesabu. Nilidhani ni maneno ya seremala. Ilinichukua miaka, na mwanamke mmoja wa kijiji cha Ole, nikaelewa kwamba alinipa elimu yote kwa mara moja.

Mwanamke huyo ni Bi Mize. Nitakaa kwake muda mrefu, kwa hiyo tieni chai.

Bi Mize alianguka uani kwake akiwamiminia kuku maji. Kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia, mguu kidogo na mkono wote, na ulimi ukawa mzito ingawa akili ilibaki kali kama mbegu ya pilipili. Hospitali walimtuliza presha, wakamrudisha nyumbani, na mimi nikapangiwa kumfuata Ole kila wiki, nikipanda bodaboda mpaka njia panda kisha kwa miguu baina ya mikarafuu. Nyumbani mlikuwa na mumewe Mzee Shaame na binti yao Raya, aliyekuwa ameacha biashara yake ya vitenge Madungu ili amuuguze mama.

Mguu ulikubali mapema. Mkono ulikataa. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa ndani, ukivifungua vinarudi. Nilimletea mpira wa manjano wa kuminya, akauacha uanguke. Nilimletea vikombe vya plastiki, nikampa zoezi la kuvihamisha kutoka upande huu wa mkeka mpaka ule, kisha kuvirudisha. Alikigeuza kimoja kwa mkono wa kushoto.

"Kikombe hiki nikipeleke kule," akasema taratibu, neno kwa neno, "kisha nikirejeshe. Kwani kina safari?"

Nikavikusanya vikombe nikavitia mkobani.

Lakini mkono haukuwa ndio shida kubwa ya nyumba ile. Bi Mize alikuwa hali chakula. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa, akabembelezwa, akapikiwa kila alichokipenda, na bado. Mwanzo tulidhani ni dawa zinamkata hamu. Dawa zikabadilishwa. Kisha siku moja nilifika wakati wa chakula cha mchana, nikaona mwenyewe. Raya alimlisha tonge mbili. Ya tatu Bi Mize aligeuza uso ukutani, chozi linamtoka jicho moja.

"Mama hataki kulishwa," Raya akaniambia uani. "Anasema yeye si kinda. Na kwa mkono wa kushoto hataki kula."

Ndipo nikapewa habari yote. Mzee Shaame alikwenda mpaka kwa Shehe wa msikiti wao, na Shehe akaja mwenyewe, akakaa mlangoni, akamweleza kwa upole kwamba dini si uzito, mwenye udhuru ana ruhusa, ale kwa mkono alionao. Bi Mize alimshukuru sana, akamwombea dua yeye na watoto wake. Shehe alipoondoka, akasema na mumewe.

"Shehe kasema yafaa. Nami sikusema haifai. Nnasema sitakula. Mkono nnaojitawadhia chooni, niutie sahani moja na wanangu?"

Kijiko kikaletwa. Kijiko nacho hushikwa na mkono ule ule. Akakirudisha.

Nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Kila wiki niliposhika kile kiwiko niliuhisi mfupa umekaribia zaidi. Mzee Shaame alinisindikiza mpaka kwenye njia siku ile, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alikuwa mtu mwenye haya, mrefu, anayezungumza huku akitazama miti.

"Dakta," aliniita, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuwasahihisha watu, "mke wangu hafi kwa maradhi. Anakufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula. Na hanisikilizi. Miaka yote hii nimezoea kutosikilizwa, lakini si kwa hili."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu. Nimeona wagonjwa wengi wakifa, Mungu awarehemu, lakini huyu alikuwa akiondoka kwa ajili ya adabu yake mwenyewe, na adabu haina kidonge.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa mkekani namnyoosha vidole, macho yangu yakapanda ukutani. Juu ya mlango wa jikoni kilitundikwa kibao cha duara, cheusi kwa samli ya miaka, na kando yake kisukumio chembamba katikati, kipana kidogo kwenye ncha.

"Kile kibao cha nani?" nikauliza.

"Cha mama," Raya akajibu. "Huku kwetu harusi haikuwa harusi bila mikate yake ya kusukuma. Tangu aanguke hakijateremshwa. Sie tunanunua ya dukani."

"Ile mikate?" Bi Mize akasema. "Ile karatasi."

Mzee Faki alikuwa ameshakufa wakati huo, lakini nilimsikia kama yuko nyuma yangu na msasa wake. Nikamwambia Bi Mize ukweli mtupu, na huo haukuwa ujanja wa kitabibu: kwamba mimi sijui kusukuma mikate, hiyo wanayoiita chapati huko bara. Yangu hutoka migumu.

"Migumu vipi?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwangu lisilokuwa la kunisuta.

"Mume wangu huichovya kwenye chai, kisha hungojea."

Alicheka. Mdomo ulicheka upande mmoja tu, lakini mabega yote mawili yalitikisika. "Wiki ijayo," akasema, "njoo na unga. Na samli ya ng'ombe, usiniletee ya kopo."

Nilikwenda na vyote, nimevipakata kwenye bodaboda. Raya akateremsha kibao. Bi Mize akakalishwa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, sinia mbele yake, na darasa likaanza. Mwanafunzi nilikuwa mimi. Unga wa ngano, chumvi, samli kijiko, usugue kwa vidole mpaka uwe kama mchanga mbichi. Maji ya moto yasiyounguza, kidogo kidogo. Kanda.

Nikakanda. Akaniambia nishike ndewe ya sikio langu, kisha nishike unga.

"Ni kitu kimoja?"

"Bado, Bi Mize."

"Basi wanitazamani? Kanda."

Nilipoona mikono yangu imechoka kweli, niliuchukua mkono wake wa kulia nikauweka ndani ya ule unga, na wa kushoto juu yake. Hakuuondoa. Unga ulikuwa vuguvugu, umelainika kwa samli. Alisukuma kwa mkono mzima, na ule mgonjwa ukazama, ukatoka, ukazama. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono kama tunavyofunzwa, na nikahisi jambo ambalo mpira wangu wa manjano haukuwahi kulifanya. Vile vidole vilianza kufunguka, kimoja baada ya kingine, bila mtu kuvilazimisha. Niliogopa nikisema vitasikia.

Kisha akaamuru ufunikwe kwa kitambaa kibichi na usiguswe.

"Kwa nini tusisukume sasa hivi?" nikauliza, nikiwa na haraka ya mtu wa ofisini.

"Unga una mishipa, mwanangu. Ukiuvuta haujapumzika, unajirejesha. Uulaze kwanza. Ukiamka, utakufuata."

Jamani. Yale ndiyo maneno niliyokuwa nikiwasomea wanafunzi kutoka kitabuni, kwa lugha ngumu, juu ya mkono uliokaza: usiuvute kwa nguvu, utakaza zaidi, upe joto, upe mapumziko, kisha uuongoze. Nilikaa pale nikitazama kitambaa kilivyoulalia ule unga, na nikaona haya na furaha kwa pamoja. Alikuwa akinieleza mkono wake mwenyewe, na hakuwa akijua.

Mliobaki kununua mikate ya dukani, sikilizeni jinsi inavyofanywa, maana mtaletewa wagonjwa wa aina hii na hamtapata wa kuwafunza. Donge husukumwa mpaka likawa pana na jembamba. Linapakwa samli kote, linanyunyizwa unga kiduchu. Kisha unakata kwa kisu mstari mmoja, kutoka kitovuni mpaka ukingoni, unaanza kuviringisha kutoka kwenye ule mkato, ukizunguka, mpaka unapata kitu kama kikaratasi cha njugu. Unakisimamisha, unakibonyeza kwa kiganja, unakilaza tena. Halafu ndipo unasukuma mara ya mwisho na kuutia mkate chumani, kwenye kikaango kilichopata moto. Ukiiva, ndani yake mna matabaka ambayo sijawahi kuweza kuyahesabu, membamba hata ukiinua moja unaona kidole chako ng'ambo. Donge la unga usio na kitu, lisilozidi ngumi ya mtoto! Nimesoma mwili wa binadamu miaka mingi, na kila nikiuchambua mkate ule nasema subhanallah kama siku ya kwanza.

Kusukuma ndiko kulikokuwa kazi. Nilichana utepe kwenye kanga kuukuu nikaufunga mkono wake wa kulia kwenye ncha ya kisukumio, sio kwa kukaza, na wa kushoto ukashika ncha ya pili. Mwanzoni mkono wa kulia ulikuwa abiria tu. Wa kushoto ulisukuma peke yake, na mikate ikatoka imerefuka upande mmoja, imebonyea huku na kule.

"Huu umetoka umbo la kisiwa cha Pemba," Mzee Shaame akasema kutoka mlangoni.

"Basi tafuta pa kuteremkia," Bi Mize akamjibu.

Wiki zikapita. Raya alifanya naye kila siku nisipokuwepo. Ile nyumba ilikula mikate mpaka majirani wakaingizwa. Bi Mize bado alikuwa akilishwa, lakini sasa alikubali tonge zaidi, kwa sababu, alisema, mwalimu lazima aonje kazi ya mwanafunzi. Kisha siku moja nilikuwa nageuza mkate chumani, nikatazama uliofuata pale kibaoni. Ulikuwa mviringo. Haukuvutika upande. Nikaangalia utepe: umelegea, umeteleza mpaka kwenye kifundo, na vidole vya kulia vimekumbatia kisukumio vyenyewe. Nilipiga magoti pale pale jikoni. Raya alidhani nimeungua.

Baada ya hapo tukafika kwenye kuupiga. Mkate ukitoka chumani, kabla haujapoa, huwekwa baina ya viganja viwili ukapigwa, paa, paa, ndipo matabaka yaachane. Hapa muwe waangalifu: mkono uliopooza hauhisi moto vizuri. Mgonjwa aguse kwanza kwa ule mzima, na ngojeni moto upungue. Mara za mwanzo kiganja cha kulia kilibaki pajani, cha kushoto kikaupeleka mkate kwake, bila sauti. Mpaka ikaja asubuhi nikiwa bado nje navua viatu, nikasikia paa. Moja tu, hafifu. Mzee Shaame alikuwa amekaa barazani akichambua karafuu vikonyo. Aliinua kichwa. Karafuu zote zilimwagika.

Nisiwadanganye, maana kazi hii ina waongo wa kutosha. Mkono wa Bi Mize haukurudi wote. Hakutia uzi sindanoni tena, wala hakufunga kifungo kidogo. Bega lilimuuma kila mvua za masika. Kuna wagonjwa wengine niliowapa unga, na unga ukabaki unga. Mmoja kazi yake ilikuwa kusuka makuti, mwingine kuandika ubaoni, na mwingine sikuwahi kuigundua kazi yake mpaka akanifia. Kwa hiyo msiende mkaandika kwenye ukuta kwamba mikate inatibu kiharusi. Andikeni: muulize.

Ramadhani ikaingia. Daktari alimkataza Bi Mize kufunga, akakubali kwa shingo upande, lakini akaweka sharti lake: mchana haonji wala hali mbele ya waliofunga, na mikate ya futari ataisukuma yeye. Alinialika. Nilikwenda alasiri nikakanda mimi, yeye akasukuma na kuviringisha na kuupiga kila mmoja, Raya akipika mchuzi wa kuku wa nazi. Sikuwahi kuona mikate imepangika vile. Ilikuwa na rangi ya dhahabu, ukigusa ukingo inachambuka.

Kwa kawaida Mzee Shaame hufuturu msikitini, na ni mtu anayeshika sana sunna ya kuharakisha. Adhana ikisema Allahu akbar, tende imeshafika mdomoni. Siku ile alibaki nyumbani. Tulikaa kuzunguka sinia, yeye na tende yake mkononi, Raya na yake, mimi na yangu. Raya alikuwa ameshamega kipande cha mama, akakichovya, tayari kumlisha.

Adhana ikaadhiniwa.

"Kirejeshe," Bi Mize akasema.

Raya akakirudisha sahanini. Bi Mize aliutoa mkono wake wa kulia chini ya ushungi. Ukashuka kwenye mkate ulio mbele yake, vidole vitatu vikatafuta ukingo, vikakosa, vikatafuta tena. Tabaka la juu likachambuka, kisha la pili, kisha kipande chote kikatoka. Akakipeleka kwenye mchuzi. Mchuzi ukamwagikia sinia. Hakuna aliyepanguza.

Kisha mkono ukaanza kupanda. Jamani, nimeona watoto wakipiga hatua ya kwanza, nimeona mtu aliyeambiwa hatatembea akivuka chumba chetu kile, lakini sijaona safari ndefu kama ile ya kutoka sinia mpaka mdomoni. Ulifika kifuani ukasimama. Kiwiko kikatikisika. Mkono wangu mwenyewe ulitaka kuruka ukamshike, nikaukalia. Adhana ilikuwa imeshakwisha. Mzee Shaame, asiyechelewesha futari hata kwa mvua, alikuwa bado ameishika tende yake hewani, midomo inamcheza kwa dua, machozi yanashuka kwenye ndevu na hayafuti. Hakuna aliyekula. Mkono ukapanda tena, taratibu, na kichwa hakikuinama kuufuata. Aliungoja umfikie.

Ukaingia mdomoni.

Akatafuna. Tulikuwa tunamtazama kama watu wanaongoja mwezi. Akatafuna mpaka mwisho, akameza, akasema bismillah aliyoisahau mwanzo, kisha akanigeukia mimi.

"Chumvi katia nani?"

"Mimi, Bi Mize."

"Haba."

Na akanyoosha mkono ule ule, akamega tena.